Mlimau wa Gilberto

Basi letu la mjini Los Angeles lilikuwa halijafika hata katikati ya safari, na Gilberto alikuwa ameshaitukana California yote, mitetemeko ya ardhi nayo hakuisahau. Jina lake tulilijua sote. Alijitaja kwa kila aliyeingia. Kichwani alivaa kofia mpya ya wachunga ng'ombe, miguuni aliweka sanduku, na mapajani alipakata mlimau mchanga kwenye chungu.

"Nahamia Texas, mama," alimwambia bibi wa Kiarmenia aliyekaa pembeni yake. "Kule uhuru mtupu. Nyumba bei poa, na hakuna serikali ya kukufuatafuata."

"Na huo mti?"

"Wa uani kwa mama yangu. Sijanunua limau tangu nizaliwe, na sianzi leo."

Bibi alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Utaanza, mwanangu! Milimau ya huku ni marufuku kuingia Texas. Wanaogopa magonjwa ya miti."

"Na mimi je?"

"Wewe pita tu. Wanachokagua ni miti."

Mimi niliyekuwa nyuma yao nilijifanya natazama nje.

Basi likasimama kwenye stendi ya mabasi ya safari za mbali, yakiwemo ya Texas. Gilberto akainuka na sanduku, akaketi tena na mlimau. Bibi akamnyooshea mikono. "Nipe nikutunzie. Siku ukirudi, utaukuta umezaa."

"Sirudi!" alifoka Gilberto, chungu amekikumbatia.

"Bwana," dereva akaita, "unahama au huhami? Mlango uko wazi."