Chupa ya Cahors na Bata wa Roseville

Benchi letu liko nje ya mall ya Roseville, huku ughaibuni, mahali ambapo watu wenye akili hupita tu. Sisi hukaa. Jumamosi hii ya Oktoba tulikuwa watano na thermos moja ya kahawa: mimi; Gilbert, tunayemwita GPS kwa kuwa hupotea kila akienda Maple Grove; Bravin, jina la kazi Overtime; Monsieur Thaddée wa Bukavu, mlokole asiyegusa pombe, lakini kwa kuwa anajua Kifaransa tumemfanya mtaalamu wa mvinyo; na Francis, yaani Baba Stacy, aliyepakata chupa ya mvinyo kama mtoto mgonjwa. Wazungu wa Woodbury, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Stacy, waliileta jana wakasema: kesho saa kumi na moja tunakuja kula kwenu, pikeni kitu kinachoendana na hii. Nilimhurumia kweli, ingawa nilicheka.

Baba Stacy: Jamani, nisaidieni. Nikikosea, msichana wangu ataaibika mbele ya wakwe.

GPS: Leta nione. Ca-hors. Hii ni jina ya mtu?

Monsieur: Ni mji, kule sud-ouest, kusini-magharibi ya Ufaransa. Banaiitaka divai nyeusi.

Overtime: Nyeusi? Basi ni yetu. Choma mbuzi, umemaliza.

Monsieur: Hapana! Hapa ku mugongo ya chupa banaandika: canard, agneau, champignons. Bata, mwana-kondoo, uyoga.

GPS: Si mbuzi na kondoo ni cousins?

Monsieur: Divai inajua difference. Ukiipatia mbuzi inakasirika, inageuka vinegar ndani ya glass, mbele ya wageni.

Baba Stacy: Woi! Na sukuma wiki?

Monsieur: Sukuma njo hatari zaidi. Ikikutana na divai mu tumbo, mutu anasema ukweli yote.

GPS: Basi huyo kijana mpe sukuma peke yake, tujue kama ako na bibi mwingine Wisconsin.

Overtime: Na ugali je?

Monsieur: Ugali inakunywa divai yote. Wageni banabaki na kiu, banakasirika, harusi imekufa.

Hapo bata bukini sita wakavuka parking, wakasimamisha magari, wala hawakuwa na haraka. Tuliwatazama wote kwa pamoja.

Overtime: Bata si ndio hao?

GPS: Hao wako na papers kukushinda, msee. Ukimshika mmoja, unafungwa.

Overtime: Nani amesema kushika? Nafungua mlango ya van, namwaga mkate. Akiingia, ameamua mwenyewe.

Monsieur: Na huyu wa hapa anakulaka French fries kila siku. Ni Mufaransa nusu.

Sikuamini macho yangu: Baba Stacy, mtu mzima, mzee wa kanisa, alisimama na kipande cha donati akaanza kuita, “Kuja, kuja.” Bata mkubwa akanyoosha shingo, akamfokea, akamfukuza mpaka kwenye benchi, chupa ikiwa kwapani. Kahawa ilinitoka puani.

Tulikuwa bado tunafuta machozi alipotokea Gentille, mke wa Monsieur, amekuja kumchukua mumewe. Alitusikiliza kidogo, akatazama simu yake.

Gentille: Wageni banakuya saa ngapi?

Baba Stacy: Saa kumi na moja.

Gentille: Sasa ni kumi na nusu. Mama Stacy iko wapi?

Baba Stacy: Kazini. Leo ako na double shift, anatoka saa tano usiku.

Gentille: Sasa, ni nani anapika?

GPS akamtazama Overtime. Overtime akamtazama Monsieur. Monsieur akakumbuka kufunga kamba za viatu. Tangu saa saba tulikuwa tukipanga chakula cha mkoa mzima wa Ufaransa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemenya kitunguu.

Simu ya Baba Stacy ikalia. Ilikuwa Stacy, akiuliza kwa Kiingereza cha haraka haraka kwa nini wageni wamefika mapema, wameshaketi sebuleni, na jiko bado ni baridi.