Filamu Iliyokosa Mzimu

Yambo yenu wababa, yambo yenu wamama. Yule aliye karibu na dirisha alifunge kidogo, maana kuna watu wanaopita njiani, na masikio yao ninayajua.

Kiongozi wa shirika letu hapa parokiani amenipa dakika kumi za ushuhuda. Nitajaribu kusema Swahili ya kanisani, ile ya masomo ya misa, kwa sababu tuna wageni. Hasira ikinishika nitarudi kwenye ile ya nyumbani, mtanisamehe. Jina la mtu sitataja. Anayejijua aangalie viatu vyake.

Wengi mnanijua. Ninaunganisha vyuma kiwandani hapa Shituru, Likasi, miaka mingi sasa, na wenzangu wananiita Papa Kontrole, yaani Baba Mkaguzi. Sikupewa jina hilo bure. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza unataka nini. Mke wangu akitia samaki kwenye mboga ya sombe, namuuliza samaki huyo ametoka wapi. Ndivyo nilivyo, na zamani nilifikiri hiyo ni akili.

Nyumbani kwangu, katika chumba kidogo cha uani, alikuwa anaishi mama mukubwa, dada wa mama yangu mzazi. Mama yangu alikufa nikiwa sijaanza shule. Huyu ndiye aliyenichukua. Aliuza mihogo ya kuchoma barabarani, akanisomesha mpaka nikajua kazi. Sikieni vizuri hapo, kwa sababu yanayofuata yananiaibisha.

Mwaka ule mambo yaligeuka. Mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa. Ikapoa, ikarudi, ikapoa, ikarudi. Kazini walisimamisha kitengo chetu kwa muda. Transfoma ya barabara yetu ikaungua, tukakaa na mishumaa, sisi ambao waya za umeme wa bwawa la Koni zinapita juu ya vichwa vyetu. Mtu mwingine angesema ni majira mabaya. Mimi nilisema: kuna mtu. Sikujua ni nani, lakini nilikuwa na hakika yupo.

Ndipo filamu ikaja.

Vijana wa mtaa walitangaza kwamba wameokota telefone katika nyumba moja tupu, kule nyuma ya reli. Ndani yake kuna video. Mwenye telefone hajulikani alipo. Wao hawakuongeza kitu, wanaonyesha tu walichokikuta. Waliandika kwenye karatasi kwa wino mwekundu: HII HAIKO MUCHEZO. Wino ulikuwa umetiririka chini ya kila herufi, nadhani kwa makusudi.

Jumapili baada ya misa ya pili tukajazana ukumbini. Walifunika madirisha kwa blanketi, lakini jua la saa nane lilipenya pembeni likachora mstari mweupe katikati ya ukuta waliokuwa wanaonyeshea. Filamu ikaanza na mstari huo ndani yake, na ukabaki humo mpaka mwisho.

Ndugu zangu, nawaambia, sijaona kitu kibaya namna ile. Sisemi kibaya cha kutisha. Kibaya tu. Kwanza miguu inatembea katika majani. Inatembea, inatembea. Kisha mtu anapumua kama aliyebeba mfuko wa simenti kwenye mlima, na pumzi ile niliitambua, ni ya kijana anayetuletea mikate. Kisha mlango. Kisha giza, na ndani ya giza sauti inauliza, "Umesikia?" Mwingine anajibu, "Siyasikia." Hata sisi hatukusikia. Karibu saa nzima namna hiyo. Mama mmoja mbele yangu alimaliza karanga zake akalala. Watu wakaanza kupiga kelele: "Muzimu iko wapi? Mutuonyeshe hata mukono!"

Mwishoni kabisa telefone iligeuka ghafla kuelekea uani, na kwa kufumba na kufumbua tukaona mwanamke amesimama. Hana kichwa. Hana miguu. Amevaa kitenge cha bluu chenye mnara wa kanisa na ukingo wa manjano. Telefone ikaanguka, kwisha.

Ukumbi ulizomea. "Ni vile tu?" Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mmoja alisema bora angebaki nyumbani kuangalia ukuta wake mwenyewe, ni msafi zaidi.

Mimi sikucheka. Kitenge kile nilikijua. Mama mukubwa alikivaa asubuhi ile ile kwenda misa.

Angalieni akili ya mtu wa kushuku inavyofanya kazi. Nilijua kwamba telefone haikuokotwa. Nilijua kwamba anayepumua ni wa mikate. Kila kitu nilikiona ni uongo, ila ile nukta moja ya mwisho. Nikajiambia: hawa walikuwa wanacheza, na katika kucheza wamenasa kitu cha kweli bila kujua. Watu wote walitoka wamekasirika kwa sababu hawakuonyeshwa kitu. Mimi nilitoka na mtu niliyekuwa namtafuta.

Nilimkuta uani anachambua maharagwe.

"Mama mukubwa," nikasema, "siku hizi ulifika kule nyuma ya reli?"

"Minye? Na hii magoti? Niende kufanya nini kule, mutoto yangu?"

Nikajiambia: hakusema hapana. Ameuliza swali.

Tangu siku hiyo nilimlinda kama mlinzi wa ghala. Kila alfajiri alikuwa na desturi ya kuzunguka uani akinong'ona. Miaka yote nilijua ni rozari. Sasa nilisimama nyuma ya pazia nikihesabu hatua zake. Akimgusa mtoto kwenye paji la uso, nilimvuta mtoto. Nilimkataza mke wangu kupokea bukari, ugali wetu, iliyotoka mikononi mwake. Kisha nikafanya vibaya zaidi: nilinong'oneza hapa, katika shirika hili, kwa wababa wawili watatu. Nanyi mlioniambia, "Hata sisi tulikuwa tunajiuliza," mko humu ndani. Leo siwatazami.

Baada ya majuma mawili nilimwambia aende Kapolowe kwa ndugu yake mdogo, akapumzike. Ndilo neno nililotumia. Lakini yeye alikuwa ameshaona bukari yake inarudi jikoni haikuguswa.

"Nilikukosea nini?" akauliza. "Useme tu, nijue."

Niliangalia ukuta.

Alikunja vitu vyake katika mfuko mmoja wa mistari. Akampa mke wangu ufunguo wa chumba, akamwambia maharagwe yako kwenye maji, yasisahauliwe. Mtoto alilia njia yote mpaka kwenye magari.

Mtafikiri nililala vizuri. Homa ilirudi siku ya nne. Umeme haukurudi. Na mimi sasa sikuwa na mtu wa kumwangalia kutoka nyuma ya pazia. Nikaanza kusimama mlangoni mke wangu akiongea kwenye telefone. Nikamuuliza kwa nini anaweka chumvi kabla ya mafuta. Siku moja aliweka mwiko chini, akanitazama usoni.

"Bwana, sasa ni minye? Haya, nitaenda. Nikishaenda utabakia kuangalia nani? Kioo?"

Juma lile lile ndugu wa mama mukubwa alinipigia kutoka Kapolowe. "Dada yangu analia kila siku, hakule muzuri. Kama uko na preuve, uilete, tuione wote. Kama hauna, ukuye umuchukue."

Preuve! Nilifurahi, ndugu zangu, mniamini. Ushahidi ninao, nikasema, uko kwenye ile telefone.

Aliyetengeneza filamu ni dada mmoja anayesuka nywele mbele ya nyumba yao. Nilimkuta na mteja. Aliponiona tu akashusha kichana.

"Papa, kama ni kunitukana, ukae kwanza. Bantu benye walikuya mbele yako ni mingi."

"Nionyeshe mwisho," nikasema. "Yule mwanamke."

"Mwanamuke gani?"

Akatoa telefone, akaisogeza video mpaka mwisho, akaisimamisha. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Hii? Papa, hii ni kitenge ya mama yangu. Iko ku kamba, inakauka. Hatukukuwa na muzimu. Rafiki yetu mwenye alipashwa kucheza muzimu, siku ile alienda ku kilio. Na telefone ilikuwa karibu kuzimika. Njo maana tukachukua kamba tu."

Nilimwambia aonyeshe tena. Akaonyesha. Nikamwambia tena. Nilishuku kwamba amebadilisha picha aliponiona natokea barabarani. Lakini ikisimama, kamba inaonekana vizuri, na vibanio viwili vya nguo, kimoja chekundu.

"Kitenge hiki ninakijua," nikasema. "Ni cha mtu wa nyumbani kwangu."

Hakucheka. Yule mteja ndiye aliyecheka. Dada alinitazama kuanzia shingoni mpaka kiunoni, akasema polepole:

"Papa, uangalie chemise yako."

Nikaangalia. Bluu. Mnara wa kanisa juu ya tumbo langu. Ukingo wa manjano kwenye mfuko wa kifua. Kilikuwa kitenge cha jubile ya parokia yetu. Mke wangu alinishonea shati hilo kwa sikukuu, na siku ya filamu nilikuwa nimelivaa. Parokia nzima tulikata kitambaa kimoja. Hata sasa nikiwatazama hapa, safu ya kwanza peke yake, mnara ninauona kwa wamama watatu na kwa kiongozi mwenyewe.

Mtaniuliza, hukujua? Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nahitaji kitenge kiwe kimoja tu Likasi nzima, basi nikakifanya kimoja.

Aibu iliponijaa, nilimgombeza yule dada. Ndiyo, yeye! Nikamwambia, kwa nini hamkuweka mzimu kamili, mwenye unga usoni na macho mekundu? Ningecheka, ningekwenda zangu kula!

Akajibu, "Bantu bote walikasirika juu hawakuona kitu, papa. Weye njo peke yako uliona."

Niliketi kwenye benchi ya wateja. Wao hawakuwa na mzimu wa kuweka pale gizani. Nilimleta mimi kutoka nyumbani kwangu, na nilimpa uso wa mtu aliyenilea. Niliumia, wandugu. Naumia mpaka leo.

Kesho yake nikaenda Kapolowe, na shati lile lile mwilini. Mama mukubwa alikuwa anapukuchua mahindi kwa ndugu yake. Nilipiga magoti katika maganda ya mahindi, nikamweleza yote, miguu katika majani, pumzi, kamba, vibanio. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza kwanza:

"Mutoto anaendelea namna gani? Dawa alimaliza?"

Dawa hakumaliza. Kila mara nilimkatiza katikati, kwa sababu nilimshuku muuza dawa. Homa ile iliyonifanya nimtafute mchawi, mkono uliokuwa unairudisha ni huu.

Akatikisa kichwa. Akachukua hindi lingine. "Na ile filamu," akasema, "ilikuwa muzuri?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mubaya sana."

"Ee. Ulinifukuza juu ya filamu mubaya."

Nikachukua hindi, nikapukuchua naye.

Sikurudi naye. Alisema hawezi kurudi katika mtaa ambamo jina lake linanong'onwa. "Kwanza uende useme mbele ya bale benye uliwaambia. Useme na mudomo yako. Minye nitakaa nisikie. Kisha nitaona."

Ndiyo sababu nimesimama hapa. Asubuhi hii alishuka kwenye gari la Kapolowe na ule mfuko wake wa mistari. Amekaa pale nyuma, karibu na mlango. Mfuko uko miguuni, bado hajaamua kama atabaki. Gari linarudi Kapolowe saa kumi.

Basi nimshukuru mke wangu, aliyeniuliza habari ya kioo. Nimshukuru mjomba wa Kapolowe, aliyedai ushahidi wakati wengine humu mlitosheka na mnong'ono wangu. Mtoto amemaliza dawa zake zote, siku kwa siku, mke wangu akihesabu na mimi nikikaa mbali. Na yule dada wa filamu, uko hapa, nimekuona: nakushukuru, na filamu yako bado ni mbaya. Nasikia unatengeneza nyingine. Safari hii mtafute mzimu mapema, aache vilio vya watu.

Ninachowaomba ni hiki. Shida ikiingia nyumbani kwako na hujaona imepitia wapi, usikimbilie kuipa uso wa mtu. Maliza dawa kwanza. Uliza kwa mdomo, na ukijibiwa, pokea jibu. Na ninyi wababa wawili watatu, mama mukubwa akitoka hapa mumsalimie. Kwa sauti, tusikie wote.

Mama mukubwa, nimesema yote. Sikubakiza.

Anasimama. Msigeuke wote, mtamtia haya. Ameshika mfuko. Yuko mlangoni... hapana, anakuja huku mbele. Ngojeni.

Yambo, mama.

Ndugu zangu, amenipa mfuko nibebe mimi mpaka nyumbani. Ni mzito kweli. Na mimi Papa Kontrole siulizi kuna nini ndani.