Historia ya Dada Kwanini, Mwalimu Aliyetaka Shemeji Asisinzie

Ndugu wafiwa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda watu wa kununa, mkisikia kicheko kinawajia, chekeni tu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, na kabla hajaanza shule alikuwa ameshabandikwa jina la Kwanini, maana ukimwambia kalale anauliza, ukimwambia amka anauliza. Aliingia shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari 1979, na Septemba 1981 akajiunga na chuo kikuu kusomea hisabati, huko akakutana na nadharia ya kompyuta, elimu inayotaka kujua ni maswali gani mashine yoyote inaweza kuyamaliza upesi, na yapi yataishinda hata ikipewa umri mzima.

Mwanzo ulimtoa jasho. Makala ya kwanza ya utafiti aliisoma kama hadithi, mstari baada ya mstari, akakwama ukurasa wa tatu muhula mzima, hadi mwalimu wake alipomwonyesha kwamba makala za namna hiyo husomwa kwa kurukaruka, kwanza ujue mwandishi anadai nini, kisha ulijaribu dai lake kwa mfano mdogo kabisa, ndipo urudi kwenye uthibitisho, kalamu mkononi. Siku ya kuwasilisha utafiti wake chuoni, tarehe 6 Mei 1985, aliwapa wasikilizaji mgongo, akajaza ubao alama pembe hadi pembe, kengele ikalia hajafika kwenye jibu, na makofi aliyopigiwa yalikuwa ya watu wanaowahi chakula. Alilia sana, akaapa kwamba ipo siku ataieleza kazi yake kwa mtu asiyeijua, na mtu huyo ataifuata mpaka mwisho.

Mtu huyo akawa shemeji yetu, mpishi wa hoteli, aliyefunga naye ndoa tarehe 2 Septemba 1989, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1991 na 1994. Dada alikuwa ameshaajiriwa kufundisha chuoni hapo, na kila wasilisho lake lilianzia jikoni, yeye na chaki mbele ya mlango wa stoo, shemeji kitini, na sheria ilikuwa moja, pale shemeji anaposinzia ndipo panapoandikwa upya. Na shemeji, tusidanganyane, alisinzia miaka thelathini na ushee bila huruma. Chuoni dada alisifiwa kwa maelezo yaliyonyooka, wanafunzi walijaza ukumbi wake hadi madirishani, lakini nyumbani hakuwahi kushinda.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Aprili iliyofuata, akiwa amelazwa, aliandaa wasilisho la mwisho, juu ya namna ya kuwagawa wageni wa karamu kwenye meza chache kadiri iwezekanavyo, bila mahasimu wawili kukaa pamoja, jambo linaloonekana dogo, ila wageni wakiwa wengi, hakuna anayejua njia ya upesi. Alilitoa kitandani, na shemeji akafika mwisho macho wazi, halafu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akauliza swali.

“Sasa mgeni mmoja asipokuja, unaweza kuondoa meza moja, au inabidi uwapange wote upya?”

Dada alicheka hadi muuguzi akaja mbio.

“Swali zuri hilo, mume wangu, na jibu lake sina!”

Siku hiyo hiyo aliwapigia simu wanafunzi wake waanze kulitafutia jibu, nao mpaka leo wanaliita swali la mpishi. Dada alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na maswali yake, majirani waliotupikia na kukesha nasi, pamoja na walimu wenzake na wanafunzi wa chuo. Wanafunzi bado wanalitafuta jibu, ila sisi wa nyumbani tumeshalipata, mgeni mmoja asipokuja, inabidi wote tujipange upya.

Pumzika kwa amani, Dada Kwanini, shemeji yuko macho.