Alwin Thielges, Aliyebaki Kallenberg (1938–2019)

Kaka yetu mpendwa, Alwin Thielges, alizaliwa hapa Ellersbach tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa Josef na Apollonia. Mimi, Irmgard, nilimfuata. Alinitangulia kila mahali na hakuchoka kunikumbusha.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1952, kisha akajifunza kilimo cha mizabibu kwa baba. Baridi ya Februari 1956 iliua karibu mizabibu yetu yote, na baba akataka kwenda kutafuta kazi kiwandani. Alwin akamwambia, "Baba, nenda ukipenda, ila niachie jembe." Baba hakwenda. Walipanda upya pamoja.

Alimwoa Roswitha tarehe 11 Mei 1963. Walikutana msimu wa mavuno, Alwin alipoteleza na kubiringika na tenga lake mgongoni. Roswitha aliokota zabibu kwanza, ndipo akamuuliza kama ameumia. Alwin alisema alijua papo hapo kuwa amepata mke.

Mwaka 1974 mashamba yalipimwa upya, na wenzake wote wakahamia bondeni, trekta zinakofika. Alwin alibaki juu, kwenye mteremko wa Kallenberg. Jirani yetu Matthias Pauly alimtania, "Huko utalima na mbuzi, Alwin."

"Mbuzi hawanywi mvinyo wangu, Matthias. Wewe unakunywa."

Sehemu walizoziacha wengine kule juu ziligeuka kichaka. Kuta zake za mawe za kuzuia udongo mteremkoni zilipobomoka, alizijenga tena kwa mikono yake.

Machi mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, na kufikia Agosti hakuweza tena kupanda mlima. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba shamba halikuwa na mtu. Mwanawe Volker ni daktari wa meno Hamburg, na nyigu mmoja tu humtoa mbio. Ndipo Svenja, mjukuu wa marehemu Matthias yuleyule, alipokuja kuketi kando ya kitanda chake.

"Babu Alwin, nipe Kallenberg niilime."

"Babu yako atageuka kaburini."

"Acha ageuke. Amelalia ubavu mmoja muda mrefu."

Alwin alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Kisha akamkabidhi mkasi wake wa kukatia mizabibu.

Alifariki Jumanne, tarehe 24 Septemba. Sote tunajua Ellersbach haivuni siku ya maziko. Lakini kesho mvua inakuja, na zabibu zake bado ziko shambani. Mwenyewe aliniambia, "Irmgard, msiziache zioze kwa ajili yangu. Mimi sitakuwa na haraka tena, zenyewe ndizo zenye haraka." Padri amekubali tuvune leo, baada ya maziko.

Ameacha mjane wake Roswitha, mwanawe Volker, wajukuu wawili, Jule na Henrik, na mimi dada yake. Nimelia sana wiki hii, na nitalia tena, ila jioni. Matenga yapo langoni mwa makaburi. Svenja atatangulia na ule mkasi.

Kaka, leo kwa mara ya kwanza wewe baki chini, upumzike kwa amani. Sisi tunapanda Kallenberg.