Mkojo wa Dastan Haukupimwa

Ndugu waombolezaji, familia, kwa sauti ya Shedrack, mdogo wa marehemu, inawasomea maisha yake kama alivyoagiza yeye mwenyewe, na atakayechomwa avumilie.

Marehemu Matilda Kihwele alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 Kilolo, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, akalima maharage na kufuga ng'ombe wa maziwa, na tarehe 12 Oktoba 1985 akafunga ndoa na hayati Liberatus, wakahamia Ipogolo, wakajaliwa watoto wawili, Bertha na Dastan.

Mei 1997 Dastan, mwenye miaka sita, alivimba uso na miguu, mkojo wake ukatoa povu, marehemu akamkimbiza hospitali, na daktari wa zamu, bila kuupima mkojo huo, akasema ni utapiamlo, akamgombeza mbele ya foleni nzima ya kina mama kwamba maziwa anakunywa yeye na mtoto anamshindisha njaa. Dastan alifariki tarehe 2 Juni, na mtaani marehemu akaitwa mama anayewalia wanawe chakula, aibu aliyoibeba miaka ishirini na sita.

Hakusamehe, na hakuona haya kusema hivyo. Alimsomesha Bertha udaktari, kisha ubingwa wa watoto, kisha ubingwa bobezi wa figo za watoto, na kila Bertha alipotaka kuacha, alimwambia atapumzika yule daktari akishajibu kuhusu Dastan.

Malipo ni hapa hapa duniani. Tarehe 14 Agosti 2023 Bertha alifungua jijini Mbeya mafunzo ya figo za watoto kwa madaktari, na miongoni mwa waliotumwa na waajiri wao alikuwemo daktari yuleyule, sasa ana mvi. Marehemu, aliyekwisha kuambiwa na Bertha, alipanda basi, akalala kwa Joyness, binamu yake, Mwanjelwa, asubuhi akaketi mbele darasani. Bertha akauliza mtoto wa miaka sita aliyevimba, ambaye kwao maharage na maziwa yapo, aanze kupimwa nini. Bwana yule akanyoosha mkono, akajibu mkojo, maana huenda ni figo, akapigiwa makofi, ndipo marehemu akasimama na kumwuliza kwa nini wa Dastan hakuupima. Kufikia saa ya chai bwana yule alikwisha kuondoka.

Marehemu alipata kiharusi tarehe 9 Mei 2025, akafariki tarehe 21.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ipogolo, wanajumuiya, na wafanyakazi wenzake Bertha. Padri ametuomba tusitaje jina la daktari yule, tumetii; ila yupo, mstari wa tatu, amekuja na shada, na marehemu aliagiza kwamba akija asishukuriwe, shada lake lisiguse kaburi, na asikie haya mbele za watu.

Pumzika sasa, dada, amani uliyoidai umeipata. Mwanao hakufa njaa.