Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena na wale walioketi nyuma karibu na mlango, maana miaka mingi nimekaa hapo, tayari kutoka.

Nilifika Voi kwa treni, nikitokea Kisumu. Wengine safari hiyo huwachukua siku mbili. Mimi ilinichukua miaka sita. Nilishuka Nakuru nikauza vipuri, nikachoka. Nikapanda tena hadi Nairobi nikawa karani wa ghala, nikachoka. Kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka, na kila nilipotoka sikurudi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati na ulimi mwepesi. Voi nilishuka kubadilisha treni tu, niende Taveta kutafuta kazi mashambani. Treni ya Taveta nikakuta imeondoka. Kabla ya nyingine kuja nilikuwa nimeajiriwa.

Aliyeniajiri ni Mzee Mwangeka, mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. Baada ya mwaka alinikabidhi la Voi. La Mwatate lilikuwa mikononi mwa Mwakio, rika langu, aliyeishia darasa la nne lakini akiujua kila msumari kwa kuupapasa tu.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Kila Jumamosi mchana wakubwa wa biashara walikutana katika hoteli iliyo mkabala na stesheni: Mzee Mwangeka, meneja mmoja wa shamba la mkonge, Bwana Athmani muuza vitambaa, na wengine. Walipashana habari za mvua na bei, kisha za vitabu. Mmoja akipata kitabu cha kufundisha biashara, alikisifu kwa wenzake, nacho kikaenda mkono kwa mkono. Aliyekimaliza aliandika jina lake ndani ya jalada, na mbele ya jina nambari ya ukurasa uliomsaidia. Anayekipokea alianza na kurasa hizo.

Kikaja kitabu kinene cha Kiingereza. Zamu zilitufikia hata sisi wasimamizi wa maduka; yangu ilipofika nilisoma kurasa tisa. Ndugu zangu, Kiingereza hakikunishinda! Kilichonishinda ni kukaa kitako. Jumamosi Mzee Mwangeka akaniuliza kama nimekimaliza. Nikasema nimekimaliza. Akanipa kalamu. Nikaandika jina langu, na mbele yake mia na kumi na tatu, nambari ya chumba nilichowahi kulala Nairobi.

Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima. Mzee akatangaza palepale kwamba akifungua duka Taveta, mkubwa wake ni mimi. Nikanywa chai yangu kama mtu mwenye elimu.

Kitabu kikaenda Mwatate kwa Mwakio. Maskini, alikaa na kamusi wiki tatu nzima, neno kwa neno, juu ya ukurasa mmoja tu, wangu. Ijumaa moja alikuja kuchukua saruji, uso unang'aa.

"Kaka, ukurasa wako umenifungua macho," akaniambia. "Yule bwana aliyerithi shamba la babake! Alikataa kuwa mtumwa wa jembe, akaliuza, akanunua lori. Nami nauza la kwetu Wundanyi. Mnunuzi anakuja Jumatatu. Mama analia, lakini nimemwambia aliyetia jina hapa si mtu wa mchezo, ni wa kidato cha nne."

Nami nilimjibu nini? Nilimpa mkono, nikamwambia hongera. Hiyo ndiyo dhambi yangu, ndugu zangu. Sikumwibia mtu wala sikumpiga mtu. Nilisema hongera.

Alinirudishia kitabu. Jumapili baada ya ibada nilifungua duka peke yangu, nikaketi juu ya magunia, nikausoma ule ukurasa kwa mara ya kwanza. Kweli, ulikuwa kama alivyosema: shamba, lori, furaha. Ndipo nikageuza karatasi. Upande wa pili lori lilipinduka kabla mwaka haujaisha, na yule bwana akaishia kuwa mlinzi wa lango la shamba lililokuwa lake. Mwandishi alikuwa akitoa mfano wa mpumbavu! Mwakio hakugeuza, kwa sababu mimi sikumwandikia ageuze.

Nilipiga magoti pale katikati ya magunia. Moyo mmoja uliniambia ninyamaze, shamba si langu, na Taveta nitaikosa. Moyo mwingine ulinionyesha mama mmoja anayelia. Nikasema, Bwana, mimi ni mwongo, nisimamishe. Akanisimamisha! Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa juu ya lori la mbao linalorudi mlimani Wundanyi.

Nilimkuta mnunuzi tayari anapima shamba kwa hatua. Ndugu za Mwakio wamekaa kando, na mama yao, Mama Wakesho, amejifunika kanga hadi machoni. Nikasema mbele yao wote kwamba kitabu sikukisoma, nambari ile ni ya chumba nilichowahi kulala Nairobi, na upande wa pili wa karatasi yule bwana anaangamia. Nikawatafsiria mpaka mwisho.

Mnunuzi akauliza kama amepanda mlima huu bure. Mwakio akamwambia shamba haliuzwi tena.

Kisha Mwakio akanigeukia. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu, kaka, nasoma nambari ya kitanda chako."

Kwa Wataita hasira haiachwi ilale tumboni, huleta ugonjwa katika boma; hutemwa pamoja na maji. Mama Wakesho aliomba maji. Akajaza kinywa, akayapuliza chini, akasema hana neno nami tena, Mungu na asikie. Akampa mwanawe kibuyu. Mwakio alikipokea, akakiangalia, akakizungusha mikononi. Nilijua kwamba akikiweka chini nimekwisha. Mwishowe alipiga funda, akapuliza, na nusu ikanilowesha viatu.

"Hayo ya viatu nimekusudia," akasema. Ndugu zake wakacheka, na mimi nikalia mbele ya watu.

Jumamosi nikasimama hotelini, nikarudia yote mbele ya wakubwa. Mzee Mwangeka hakupandisha sauti. "Taveta hutaenda," akasema. "Na Voi hutatoka mpaka utusomee kitabu hiki chote, kwa Kiswahili, kila Jumamosi, hapa."

Bwana Athmani akaitikia taratibu, "Na asome polepole bwana, maana hata mimi niliyetia jina ndani yake, mengi yalinipita."

Miezi kumi, ndugu zangu! Mimi nisiyeweza kukaa kitako! Mwakio alishuka kutoka Mwatate kila Jumamosi, akaketi mbele, na kila nilipomaliza ukurasa akasema, "Geuza tuone upande wa pili, kaka." Bwana alinifunga kwenye kiti kile ili anifungue. Nilikuja kugundua nimesoma saa mbili bila kuutazama mlango. Maneno nisiyoyajua nilisema siyajui, tukayatafuta pamoja kwenye kamusi ya Mwakio.

Wewe unayenisikiliza, labda umetia jina lako mahali usipopafahamu, na mtu anakufuata. Usingoje Jumatatu ipite. Mtegemee Yesu, mwambie ukweli, kisha umwambie na yule mwenzako. Hatakuacha usimame peke yako.

Tulipomaliza ukurasa wa mwisho, nilimwomba Mzee ruhusa. Miguu yangu haikuwa imeokoka yote! Asubuhi niliyoondoka Voi kabisa, kuelekea Mombasa, Mwakio alinisindikiza stesheni na kikapu cha viazi na maharagwe ya shamba lao, udongo wa Wundanyi bado umeshikamana navyo. Ndani ya behewa, jirani yangu alitazama mkao wangu na sanduku langu, akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa Mombasa, nimwelekeze.

Nikamwambia, "Siijui, ndugu yangu. Sijawahi kufika."

Nikahisi nimeshushwa mzigo mabegani. Sifa ni kwa Bwana.