Nywele za Binti Yangu

Mwadila, ndugu zangu. Mnisamehe nikiongea nimekaa. Mguu huu ukisimama sana unatetemeka. Wengi humu tumepitia kiharusi, kwa hiyo mdomo unavyopinda sina haja ya kuwaeleza. Nawaambia tu nilivyokuwa, na nilivyorudi.

Nilikuwa mtu wa kila kitu. Hapa Bariadi mjini nilikuwa na kibanda cha kusuka nywele. Dutwa nalima pamba. Lamadi nafuata samaki. Kanisani mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Jamani, nilizipenda siku zile! Asubuhi pale Lamadi, sato wanamwagwa kwenye turubai, akina mama tunagombania huku tunacheka. Msimu wa pamba tunarudi tumekaa juu ya mizigo, nyuzi nyeupe zimetujaa kichwani, tunaimba njia nzima. Mpaka leo nikipita jirani na pamba iliyovunwa, nasimama kidogo nivute ile harufu.

Basi, siku moja kwenye mazoezi ya kwaya niliinua mkono kuwaingiza sauti ya pili. Hawakuingia. Nikawakaripia. Kumbe mkono ulikuwa umelala pajani, mimi nadhani nimeuinua.

Niliporudi kutoka hospitali nilitaka vyote vyangu, tena haraka. Asubuhi nashika jembe, mchana mwiko, jioni nalazimisha sauti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akinipa zoezi la vidole, naliacha katikati nikajaribu kingine. Hakuna kilichosogea.

Wifi yangu ndiye aliyenikuta shambani nimeanguka katikati ya mistari ya pamba, udongo mdomoni, nalia kama mtoto. Hakuniinua. Alikaa chini, pembeni yangu.

"Wifi, unatafuta nini huku?"

"Natafuta vyangu."

"Vyako vipi?"

"Vyote!"

Akaniangalia. "Ukiambiwa kirudi kimoja tu, utachukua kipi?"

Ndugu zangu, nilimchukia kwa swali lile. Alinishika mkono tukarudi nyumbani.

Tukafika mlangoni. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mnajua shuleni wananyoa. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza. Jirani yetu anamwambia, "Zikikua njoo nikusuke." Mtoto akajibu, "Asante, mama mdogo, nitasukwa na mama." Jirani akashusha sauti: "Kwa mkono ule?" Mtoto akasema, "Nitasubiri."

Hakujua kama nimesikia. Nilimgeukia wifi nikamwambia, "Nimepata jibu lako."

Shamba nikamwachia yeye. Samaki nikamwachia mwenzangu wa Lamadi. Kwaya nikaikabidhi, na siku ile nililia kuliko nilipoanguka. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Jumapili nawasikia wanaimba, wimbo niliowafundisha mwenyewe, nafsi inataka kukimbia kule.

Nilipomwambia mtaalamu wa mazoezi kwamba nataka kusuka tu, alicheka kwa furaha. "Sasa, mama, tuna kazi moja!" Akachana kanga kuukuu vipande vitatu, akavifunga kwenye nondo za dirisha. Kazi yangu ikawa kusuka na kufumua, kusuka na kufumua. Kidole gumba kiligoma, kikagoma, halafu asubuhi moja kikabana kitambaa. Nilipiga vigelegele peke yangu! Nywele za mtoto zinakua, vidole vyangu vinaamka, vinakimbizana hivyo hivyo.

Binti yangu akapata nafasi chuo cha uuguzi. Kabla hajasafiri alitandika mkeka, akakaa katikati ya magoti yangu. Nilisuka mistari mikubwa tu. Nachoka, napumzika, naendelea. Jua lilipoanza kushuka akapapasa kichwa chake.

"Mama, huu mstari mbona umepinda? Unaelekea wapi?"

"Unaelekea chuoni," nikamwambia.

Tulicheka mpaka tukaanza kulia. Wifi akamwambia aende kwa jirani wakamnyooshee. Akakataa. Alipanda basi vile vile.

Leo kibanda changu kimefunguliwa, mistari imenyooka, wateja ni mashahidi. Jembe sijashika tena. Kwaya inaongozwa na mwingine, na anaongoza vizuri, namshukuru Mungu, ingawa moyoni bado naitamani.

Nawashukuru majirani mlionichotea maji. Namshukuru yule mtaalamu aliyechana kanga. Na wewe wifi yangu uliyekaa kule nyuma unajificha, wabeja sana. Ulikaa kwenye udongo na mimi.

Na wewe uliyetoka hospitali juzi, unayelia moyoni kwa ajili ya vyote ulivyoviacha: navijua, nami ninavyo vyangu, nimevililia. Chagua kimoja ambacho moyo wako hauwezi kukikosa. Nguvu kidogo uliyobakiwa nayo, yote ipeleke hapo. Vile vingine viage kwa heshima, kama unavyomsindikiza mgeni uliyempenda, halafu urudi ndani uanze kazi.